Aliyezikwa kwa Telegramu

Çatalarmut, 26 Machi 1972

Rıfat mwanangu,

Salamu za mama yako naziweka mwanzoni zisije zikakosa nafasi, maana ni nyingi kuliko karatasi. Anakubusu macho yote mawili, anambusu mkeo Naciye, na Elmas anambusu mara saba. Nimezihesabu, zote zimo humu, usimpunje mtoto.

Habari za hapa: ng'ombe amezaa, imamu na muadhini wamegombana kuhusu saa ya msikiti, na mimi ninakufa.

Usiruke kwenye kiti. Ninakufa polepole, kama ninavyofanya kila kitu, muulize mama yako. Daktari wa mjini aliniwekea ile mipira yake kifuani, akatikisa kichwa kama mtu anayeuziwa punda mzee. Akasema, "Mzee Satılmış, ukiiona Hıdrellez ushukuru." Hıdrellez ni tarehe sita Mei, kama huko kwenye moshi bado mnakumbuka siku ya kuiaga baridi.

Hiki ni kiangazi cha tatu. Mwaka juzi ulisema msimamizi amekunyima likizo. Mwaka jana ulisema huna gari. Sasa mtoto wa Ömer Kibiongo, aliye huko Ujerumani kama wewe, ameandika kwao kwamba unalo, tena la bluu. Mjukuu wangu ana miaka minne, na namjua kwa picha moja tu, na kwenye picha yenyewe amegeuza uso.

Wasia wangu ni huu: mlete nimwone kabla ya tarehe sita.

Baba yako anayeondoka,
Satılmış


Duisburg, 5 Aprili 1972

Baba,

Nabusu mikono yako na ya mama. Barua yako nimeisomea chooni kiwandani, wenzangu wasinione nikilia. Tunakuja. Wewe kaa kitandani, usipande paa wala usimguse yule ng'ombe.

Likizo nimepata, kuanzia mwisho wa mwezi. Kadi ya kijani ya bima ya gari ninayo. Gari bado limeandikwa jina la rafiki yangu aliyeniuzia, kwa hiyo tumekwenda kwa mwanasheria akaniandikia kibali cha kulivusha mipaka. Fomu ya matibabu ya huko nyumbani imegongwa muhuri. Viza ya kupita Bulgaria nimeipangia foleni siku mbili.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linanikosesha usingizi. Ndui imetokea Yugoslavia, na njia yetu inapita katikati yake. Sasa kila mpaka wanataka kijitabu cha manjano chenye muhuri wa chanjo, uwe mtu mzima au mtoto. Huna kijitabu, unarudishwa ulikotoka. Na ukichanjwa lazima usubiri siku nane ndipo muhuri uhesabike.

Ngozi ya Elmas bado haijapona. Ule ukurutu umepanda kutoka kwenye viwiko hadi shingoni. Daktari wa kiwanda alipomwona akakataa katakata. Alisema mtoto mwenye ukurutu hachanjwi, chanjo inaweza kutambaa mwili mzima ikamuua. Hata mimi nikichanjwa nikae mbali naye mpaka gamba la kidonda changu lianguke. Akanipa yote hayo kwenye karatasi. Naciye sijamwonyesha.

Kuna mtu mkahawani karibu na stesheni anamjua daktari mwingine, asiyeuliza maswali. Ameniwekea nafasi mimi na mtoto Jumamosi tarehe 22. Naciye alichanjwa mwaka juzi, muhuri wake bado una uhai. Tutaondoka tarehe 30. Wenzangu wanasema watoto wengi wana ukurutu na hakuna aliyekufa. Nawaamini kwa sababu sina budi. Nisipomleta, na wewe ukaondoka bila kumwona, nitaishije?

Nisubiri, baba.

Rıfat


Çatalarmut, 14 Aprili 1972

Rıfat,

Leo sina salamu. Soma haraka.

Mimi sifi. Moyo wangu haujambo. Huyo daktari wa mjini sijawahi kumwona, nasikia ni mwanamke. Nimedanganya.

Ilikuwa hivi. Ömer Kibiongo alisema mkahawani mbele ya watu kumi, "Satılmış, mwanao ameshakuwa Mjerumani. Hata ukifa atakutumia kadi yenye picha ya maua." Nikamwambia, "Gari la mwanangu litasimama mlangoni hapa kabla ya Hıdrellez." Akasema, "Likisimama nanyoa sharubu. Lisiposimama unanyoa wewe." Tukapeana mikono. Sharubu, mwanangu. Nimemweka mjukuu wangu kwenye mizani dhidi ya nywele za mdomoni.

Ya ndui sikuyajua. Hapa redio ilitaja Yugoslavia, muadhini akazungusha kutafuta muziki.

Barua yako imefika leo saa sita. Nimehesabu kwa vidole: yangu hii ikienda mbio kama zako itafika tarehe 22 au 23, na tarehe 22 ndiyo siku yenyewe. Kwa hiyo kesho alfajiri napanda trekta la maziwa niende mjini nikapige telegramu.

Msimchanje huyo mtoto. Unisikie vizuri, kwa mara ya kwanza siutanii ulimwengu. Msije. Nitukane unavyotaka, nimekupa ruhusa, lakini usimguse mtoto na sindano.

Mama yako ameisoma hii. Usiku huu nalala zizini.

Satılmış


Duisburg, 17 Aprili 1972

Mama yangu mpenzi,

Telegramu nimeipata jana. BABA MZIMA KABISA. MSIJE. MTOTO ASICHANJWE.

Mama, mimi si mtoto. Mtu mzima hatumi telegramu kusema ni mzima. Na baba hajawahi kutumia maneno machache hivyo katika maisha yake.

Bibi alipofariki nilikuwa jeshini Kars. Kwa miezi kumi na moja mliniandikia, "Bibi hajambo, anakusalimu, anauliza kama unakula." Mkanitumia soksi, mkasema amezifuma yeye. Nilizivaa kwenye theluji nikimwombea maisha marefu, naye alikuwa ardhini tangu vuli. Niliporudi, baba aliniambia, "Tulikuficha usije ukatoroka jeshi. Wewe ungefanya hivyo hivyo." Ndiyo desturi yetu, siwalaumu. Lakini msinifanyie mara ya pili.

Lini alikata roho? Alinitaja?

Najua mnasema tusije kwa sababu mnaogopa nisije nikakimbiza gari njiani kwa machozi. Sitakimbiza. Lakini siwezi kungoja Jumamosi. Yule mtu wa mkahawani amenisogezea nafasi hadi keshokutwa, Jumatano. Elmas atachanjwa pamoja nami, tarehe 28 tunaanza safari. Nataka angalau aone kaburi la babu yake udongo ukiwa bado mbichi.

Usilie peke yako, mama. Nakuja.

Rıfat


Duisburg, 20 Aprili 1972

Kwa aliye hai atakayefungua barua hii,

Ni mimi Naciye. Kama ni wewe mama, nabusu mikono yako. Kama ni baba, nitaamua baadaye.

Jana Jumatano Rıfat alikwenda mwenyewe kwanza. Aliniambia atarudi saa kumi amchukue Elmas wakatafute muhuri. Muhuri, alisema, kama vile ni wa kwenye bahasha. Nilipokuwa nafua suruali yake ya kazi nikakuta karatasi mfukoni, ya daktari wa kiwanda, imekunjwa mara nne. Kijerumani changu ni cha sokoni. Nikashuka kwa Hildegard, bibi wa ghorofa ya chini, nikampa. Aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena. Kisha akanieleza kwa mikono: akajikuna kiwiko, akachora madoa mwili mzima, akalaza shavu kwenye kiganja na kufumba macho. Nikamuuliza, "Usingizi?" Akasema, "Hapana."

Nikapanda ngazi. Rıfat alikuwa ameshafika. Elmas alikuwa amepakatwa juu ya mkono wake, ule ule aliotoka kuchanjwa yeye, shati lake limelowa pale penye kidonda.

Nilimnyang'anya nikampeleka bafuni, nikamwosha kwa sabuni mpaka akapiga kelele. Rıfat nilimsukumia nje nikafunga mlango. Tuliongea kupitia tundu la ufunguo, jengo zima likisikiliza.

"Fungua, Naciye. Baba amekufa."

"Huna hakika."

"Telegramu umeiona."

"Telegramu inasema ni mzima."

"Ndiyo maana."

Nikamwambia, "Basi sikiliza. Kama baba yuko hai, atasubiri. Kama amekufa, atasubiri zaidi. Mtoto hatoki."

Alikaa kwenye ngazi hadi Hildegard akampelekea kahawa. Sasa analala bwenini kwa makapera. Tarehe 28 anakuja huko peke yake. Nimemwambia asirudi mpaka gamba lianguke.

Daktari wa kiwanda amemwangalia Elmas leo. Amesema tuhesabu siku kumi na nne. Sipiki, sifui, nahesabu. Kila asubuhi namvua nguo namkagua kama mtu anayetafuta kupe.

Aliye hai anijibu.

Naciye


Çatalarmut, 3 Mei 1972

Naciye binti yangu,

Aliye hai ni mimi, samahani.

Barua yako ilifika Jumamosi, nikapanda trekta la maziwa tena kwenda posta. Hiyo itakuwa telegramu ya tatu. Ya pili niliipiga siku ile nilipopata barua ya Rıfat ya kumpa mama yake pole kwa kifo changu. Nimewahi kusikia watu wakisema wangependa kujua watakavyoliliwa. Waambie wasipende. Karani wa posta alisoma, "NIKO HAI KWELI", akaweka kalamu chini. Akasema, "Mzee, nakushauri kama mwanao. Kila telegramu unayotuma, huko unazidi kufa."

Rıfat alifika jana. Tangu Jumapili nilikuwa nakaa njia panda ili mtu wa kwanza kumwona awe mimi, lakini jana nilichelewa, mama yako alinifungia zizini kwa makusudi au kwa bahati mbaya, hasemi. Nilipofika, gari la bluu limesimama makaburini. Umeshajua makaburi yetu yako mlangoni mwa kijiji. Amepiga magoti kwenye udongo mpya, ameinua mikono anasoma Fatiha, mabega yanatikisika. Mkono wa kushoto umefungwa bendeji.

Mimi nikasimama nyuma yake na ulimi wangu huu uliolaaniwa. Nikasema, "Mwanangu, huyo ni mama wa muadhini. Nakushukuru kwa niaba yake."

Naciye, nilidhani atanipiga, nikawa nimeshavua kofia nimpunguzie kazi. Hakunipiga. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. Akasimama, akapangusa magoti, akapita pembeni yangu kama mtu anavyopita jiwe.

Hajasema nami neno mpaka sasa. Anaongea na mama yake, anaongea na ng'ombe. Alitaka kugeuza gari usiku ule ule arudi kwenu, akafika hadi kwenye daraja, akakumbuka mkono wake, akarudi. Hawezi kwenda kwa mtoto mpaka gamba lianguke. Kwa hiyo amekaa hapa, kwenye kijiji hiki nilichomvutia kwa uongo, hana pa kwenda. Miaka mitatu nimemtamani awe kwenye sofa yetu, sasa yupo, nami napita nje kwa nyuma.

Leo asubuhi Ömer Kibiongo amekuja mlangoni kanyoa sharubu. Mdomo wake wa juu ni mweupe kama tumbo la samaki. Akasema, "Umeshinda." Nikamfungia mlango.

Nimehesabu na mimi. Zile siku kumi na nne zimeisha leo. Niandikie ilivyokuwa. Usiniandikie "sisi wazima". Barua zote za kijiji hiki zinasema "sisi wazima", hata ile tuliyomwandikia Rıfat siku tuliyotoka kumzika bibi yake. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Niandikie ukweli hata kama una meno.

Satılmış


Duisburg, 5 Mei 1972

Baba,

Telegramu yako ya tatu imefika. Ya pili na ile barua ya sharubu zilifika kabla Rıfat hajaondoka, akasema hata soksi za bibi zilikuja na salamu zake. Sijui kama ni wewe. Naandika kana kwamba ni wewe, maana kumwandikia maiti hakumdhuru mtu.

Alfajiri ile Rıfat anaondoka alisimama chini ya dirisha. Nilimwinua Elmas nyuma ya kioo akampungia mkono. Gari lilipokata kona nikamvua nguo kumkagua. Kwenye kiwiko cha kushoto palikuwa na malengelenge matatu, yana kitovu katikati.

Ilikuwa siku ya tisa. Tulifika hospitali kwa teksi, Hildegard alivaa viatu vya nyumbani. Kesho yake yalikuwa usoni. Siku ya tatu macho yote mawili yalifumba kwa uvimbe. Wamemweka chumba cha kioo, mimi nasimama nje. Wanamwekea dawa inayotoka kwenye damu ya watu waliokwisha chanjwa. Ilitoka mji mwingine kwa gari la polisi. Joto lilifika arobaini na moja. Alikuwa anaita, lakini haiti jina la mtu, anaita tu.

Jana jicho la kulia lilifunguka. Aliniona nyuma ya kioo akanikasirikia kwa kutoingia.

Daktari hasemi atapona. Anasema, "Leo ni afadhali kuliko jana." Nakuandikia kama alivyosema, sijaongeza wala sijapunguza.

Rıfat hajui. Nilikwenda posta kumpigia telegramu, nikafika dirishani, nikarudi. Ningeandika nini? Nikisema anaumwa, ataona amekufa. Nikisema anapata nafuu, ataona amekufa. Mmemfundisha hivyo, baba, wewe na mama.

Basi kama uko hai, mwambie wewe. Usimpe hii karatasi asome mwenyewe. Kaa mbele yake, mwambie kwa mdomo, uso kwa uso, yote, pamoja na lile jicho.

Naciye


Çatalarmut, 29 Mei 1972

Naciye binti yangu,

Barua yako ilifika tarehe 13. Nilifanya ulivyoamuru. Nilimkuta Rıfat uani anaangalia injini ambayo haina ubovu wowote. Nikageuza ndoo nikakaa mbele yake. Nikamwambia yote, kuanzia malengelenge. Nilipofika kwenye jicho lililofunguka alisema, "Apa." Ndiyo neno la kwanza alilonipa baada ya siku kumi na moja.

Nikaapa. Akasema, "Apa kwa kitu ambacho hujawahi kukitania." Nikatafuta. Nilikaa kwenye ndoo ile nikitafuta, binti yangu, na sikukipata. Miaka sitini na tano, hakuna nilichokiacha. Nikamwambia hivyo hivyo, kwamba sina cha kuapia. Nadhani hapo ndipo aliponiamini, kwa sababu alikaa chini kwenye vumbi akaegemea goti langu, akalia, nami nikamshika kisogo.

Gamba lilianguka kesho yake asubuhi. Mama yako alilichoma moto jikoni, na saa hiyo hiyo Rıfat akaondoka.

Jana nimepata barua yake. Mistari miwili: "Ametoka hospitali. Ana makovu manne usoni na moja kiwikoni, anakula, anauliza babu ni nani."

Nimeisoma hadi imechanika kwenye mkunjo. Maneno mazuri. Mama yako ameshapika halua kwa shukrani, majirani wamekula. Mimi nimekula pia na haikushuka. Namjua Rıfat, ni mwana wa nani. Angetaka kunificha angeandika kwa ustadi ule ule, angehesabu hata makovu. Usiku nayahesabu mimi, manne na moja, nawaza ni nani aliyezifuma soksi hizi.

Kwa hiyo nimekwenda mjini. Karani wa pasipoti aliuliza tarehe yangu ya kuzaliwa. Nikasema walikuwa wanavuna shayiri. Akaandika Julai mosi, anasema nchi nzima imezaliwa siku hiyo. Picha nimepiga, nimetoka kama mtu anayetafutwa. Viza ya Bulgaria ataishughulikia mwenye basi. Na leo, kwenye zahanati, yule daktari niliyemsingizia kifo changu amenichanja mkono kwa mkono wake. Ni mwanamke kweli. Nilimtubia. Akasikiliza kifua changu bure, akasema kina kelele kuliko inavyopasa lakini hiyo ni tabia, si ugonjwa. Akagonga muhuri kwenye kijitabu cha manjano.

Nilimuuliza habari za Elmas, nikamuuliza mara tatu. Amesema siwezi kumkaribia mtoto mpaka gamba langu lianguke, ngozi ibaki safi kabisa, na yeye mwenyewe atanikagua kabla ya kupanda basi. Wiki tatu, labda nne kwa ngozi ya mzee. Nimeufunga mkono vitambaa viwili na sijikuni, hata usiku unaponiwasha kama umeng'atwa na pepo.

Kwa basi ni siku nne kupita nchi zote hizo. Kutoka stesheni nitauliza njia kwa mikono, kama bibi yako wa ghorofa ya chini.

Usinijibu, sitaamini. Mimi nami sitaandika tena, wala sitatuma telegramu. Gamba likianguka, nitabisha hodi.

Satılmış